Aliyesimama Juu ya Ubao

Jumapili, Agosti 1993

Na bado amewaambia kwamba ni yeye aliyesimama.

Leo majirani walikuja kutukaribisha baada ya wiki yetu ya Unguja. Walitaka kusikia jambo lolote lisilo la vita vya huku kwetu, kwa hiyo mume wangu Hamadi akawasimulia jinsi alivyopanda mawimbi kwa ubao. Mimi nilimimina chai. Mke hamkanushi mumewe mbele ya wageni, lakini nilikasirika mpaka nikamimina chai ya birika nje ya kikombe.

Huyu anayejivunia babu yake wa Pwani kila siku hakuvuka maji ya magotini. Ni mimi, mtoto wa milimani, niliyeazima ubao wa mama mmoja Mzungu wa chumba cha jirani hotelini. Nilianguka mara sita, kisha nikasimama. Nilipogeuka kumtafuta Hamadi ufukweni, alikuwa ameinama anakung'uta mchanga kwenye kiatu.

Tangu mimba yangu iharibike mwaka jana, nimeamini kwamba hanitazami tena. Safari yenyewe niliiomba kwa sababu hiyo. Nilirudi nikijua kwamba haikusaidia.

"Ule ubao iko na utelezi," aliwaambia wageni. "Nikatanguliza mguu wa kushoto. Nikauma mdomo wa chini, hivi. Mkono moja nikainua, kama mtu anafungua pazia."

Nililiweka birika chini.

Hamadi hana tabia ya kuuma mdomo. Anayeuma mdomo ni mimi, kila ninapotunga uzi kwenye sindano.