Pale Filamu Ilipoishia

Kajiado,
Jumatatu.

Kwa dada yangu mpendwa Nzula,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji Kimanzi na watoto mko wazima huko Illasit, na kwamba mvua haikuharibu nyanya. Mimi bado naishi Kitengela, ila leo niko Kajiado. Mwandiko ukikusumbua nisamehe.

Uliniambia kwa simu kwamba mliitazama ile filamu inayonihusu kanisani, na wengi walilia waliponiona nikimwaga pombe mtaroni na kushika gitaa. Jackie, msichana aliyenirekodi mwaka mzima, hakunilazimisha. Alisema filamu inahitaji mwisho, nami siku hiyo nilitaka kwa moyo wote uwe mwisho wangu kweli.

Tangu hapo sina pa kujificha. Nikienda kununua sukuma, mama mboga anaita wenzake, "Kujeni muone ule mwanamuziki aliacha pombe!" Wachungaji wananialika. Wake wananiletea waume zao niwashauri.

Mwezi wa tatu nilialikwa hapa Kajiado. Mama mmoja, Naipanoi, akaniletea mume wake, Lemayian, fundi wa kuchomelea milango. Nikamsimulia jinsi nilivyoshinda. Akanishika mkono, akanisogelea, akaniuliza polepole, "Mwalimu, hata wewe?" Alikuwa amenusa pombe kinywani mwangu.

Dada, sikuacha. Baada ya kamera kuondoka nilikaa siku kumi na moja tu, nikarudi kwa chupa. Lemayian hakunisema kwa mtu. Badala yake alianza kuja kwangu kila Jumatano, tukafunga mlango na kunywa mpaka jioni. Naipanoi aliamini ninamshauri. Wiki jana alinitumia lita tatu za maziwa, akasema Mungu anitunze. Nikamjibu amina.

Jana Lemayian alitapika damu. Naipanoi alinipigia simu mimi kabla ya ndugu zake, akaniomba nije hospitalini nimwombee. Nimefika asubuhi. Nilipoona Naipanoi anafumba macho akingoja maombi, nikashindwa kuomba. Nikamwambia yote, hata habari za Jumatano.

Hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akanionyesha benchi nje ya wodi, akaniambia nikae hapo nisiende popote, kwa sababu mume wake akiamka atanitafuta mimi, si yeye. Ndipo ninapokuandikia. Ng'ambo ya barabara, mbele ya lango, kuna baa, mlango wake uko wazi, na hakuna mtu wa kunizuia isipokuwa neno la mama huyo.

Mwambie mama yetu, Mwaitu, wewe mwenyewe, taratibu, asisikie kwa watu. Msalimie shemeji na watoto.

Nampa barua hii dereva wa lori la vitunguu anayeelekea kwenu leo. Njoo, dada. Ukinikuta kwenye benchi, keti kando yangu. Usiponikuta, vuka barabara unitoe.

Ni mimi mdogo wako,
Mwololo