Ghorofa ya Ploti Namba Moja

Jumanne, 8 Agosti 1995
Leo kijiji chetu cha Rabare kimezaliwa upya, kinakuwa town! Madam Pauline, mpangaji wa miji kutoka Homa Bay, ametandaza ramani juu ya meza ya chifu. Barabara mbili, soko, mahali pa maji, safu za ploti. Safu ya kwanza yote ni yetu, maana shamba lilikuwa la baba. Tumepangwa vile tulivyozaliwa: mimi namba moja, pale kwa kona. Cephas mwalimu namba mbili. Halafu wadogo zetu wanne, mpaka kitinda mimba namba sita.

Madam akauliza, nani ataanza kujenga? Watu wakainama, kama kuku wameona mwewe. Nikasimama. Nikasema mimi Javan nitajenga ghorofa! Makofi. Makofi yakaninogea, nikaongeza veranda.

Nikawaambia pia vile nilimfukuza nyati kule Lambwe kwa mwavuli. Haikuwa kwa ajenda. Lakini ilifaa.

Jumatano, 9 Agosti
Kumbe madam aliandika! Ramani imebandikwa ukutani kwa chifu. Ploti namba moja: jengo la ghorofa. Kwa wino. Wengine wote wameandikiwa nyumba ya kudumu tu.

Na kuna sharti chini yake. Madam anarudi tarehe kumi na tano Desemba. Ploti ambayo msingi wake haujaanza kuchimbwa inarudi kwa kaunsili, wapewe watu wengine. Na kila mtu ajenge kile ramani inasema.

Priscilla, mke wangu, ameniuliza, "Baba Byron, hiyo ghorofa utaijenga na nini? Na mdomo?" Tumecheka mpaka chai ikapoa. Yeye ndiye aliacha kucheka kwanza.

Jumapili, 24 Septemba
Hakuna aliyechimba! Hata mmoja. Nimeenda kwa Cephas baada ya kanisa. Matofali yake yamepangwa nje, simiti imejaa sebuleni mpaka wageni wanaikalia. Nikamuuliza, unangoja nini?

"Omera, ndugu yangu, wewe ndiye mkubwa. Nitajengaje mbele yako?"

Nikamwambia hapa ni town, si dala, si boma la ukoo. Akasema ndivyo yeye pia huwafundisha watoto shuleni. Huyu ni mzee wa kanisa! Juzi tu alihubiri kwamba chira — ile laana ya mtu kuruka mila — ni mambo ya giza.

"Basi chimba," nikasema.

"Anza wewe."

Mila inasema nyumba ya mkubwa isimame, ilaliwe, ndipo mdogo aguse udongo. Cephas ananingoja mimi, wa tatu anamngoja Cephas, wa nne anamngoja wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Safu nzima. Town nzima inaningoja mimi! Nikajisikia mkubwa kweli kweli.

Halafu nikakumbuka mimi nimeandikiwa ghorofa.

Alhamisi, 19 Oktoba
Yakub wa duka la hardware, jirani na ploti yangu, ametoka mpaka mlangoni kunichokoza. "Mzee Javan! Wateja wangu wanaungua na jua. Kivuli cha ghorofa yako kinafika lini?"

Nikamwambia kivuli kikubwa hutembea polepole. Watu wakaangua kicheko. Nikakaa, nikawapa hadithi ya nyati wa Lambwe. Sasa wamekuwa wawili. Mwavuli ni ule ule.

Lakini nyumbani Priscilla hakutaka nyati. Alitaka kujua kama nitaacha watoto wa mama mmoja wanyang'anywe ploti kwa sababu ya makofi ya siku moja. Nikanawa mikono. Akaniwekea ugali na omena, akasema polepole, "Mila haiulizi ukubwa wa nyumba, Baba Byron. Inauliza kama ina paa na kama moto umewaka."

Kweli. Lakini ramani inauliza ghorofa!

Jumatatu, 20 Novemba
Fundi Ombati amehesabu matofali yangu, yale nilifyatua mwaka juzi. Chumba kimoja. Amehesabu tena. Chumba kimoja.

Nikafikiri. Kichwa changu si cha mchezo — shule niliiacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alikuwa amebaki hana kitu cha kunifundisha. Nikamwambia Ombati, jenga chumba. Halafu kando yake, nje, weka ngazi.

"Ngazi zinaenda wapi, mzee?"

"Juu."

"Juu kuna nini?"

"Juu kuna juu. Wewe changanya simiti."

Jumamosi, 9 Desemba
Siku tamu! Ndugu zangu wote wamekuja, hakuna aliyeitwa. Mmoja anabeba maji, mwingine anachekecha mchanga. Cephas amevua tai, amebeba simiti yake mwenyewe kwa bega mpaka kwa ngazi zangu. Nikamwambia, hiyo ni ya nyumba yako! Akasema, "Omera, ngazi zako ndizo mlango wangu." Mwalimu huyu akiacha kuhubiri anaongea vizuri sana.

Priscilla na wake zao walipika nyoyo, mahindi na maharagwe. Sufuria ilirudi nyeupe.

Ngazi ni kumi na mbili. Nimezipanda mara tisa. Kutoka juu naona ziwa, naona Sindo, naona mpaka shati la mvuvi wa Sindo. Ombati anasema yeye anaona paa la Yakub tu. Macho ya watu hayafanani.

Alhamisi, 14 Desemba
Mabati yamepigwa msumari wa mwisho saa kumi. Priscilla ameleta moto kutoka nyumba ya zamani. Mimi nimeleta jogoo, kama mila inavyotaka. Leo tunalala hapa.

Ijumaa, 15 Desemba
Tumelala. Jogoo amewika ndani ya town! Lakini Cephas amesema hachimbi mpaka madam aikubali nyumba yangu; akiikataa, ni kama haijasimama.

Madam Pauline amefika saa nne. Akakitazama chumba. Akafungua ramani.

"Mzee Javan, hapa imeandikwa ghorofa. Iko wapi?"

"Panda uone, madam."

Akavua viatu, akavibeba, akapanda akihesabu, mimi nyuma yake. Kumi na mbili. Upepo ukashika karatasi, akaibana na kifua. Nikamwambia, hapo umesimama ndiyo sebule.

Yakub ametoka dukani. Madam akatazama chini, akawaona ndugu zangu, kila mmoja kwa ploti yake, jembe mkononi, wameganda kama watu wanaongoja filimbi.

"Na hawa wanangoja nini?"

Nikatafuta nyati wa Lambwe. Hata mmoja hakuja. Nikasema ukweli: "Wananingoja mimi, madam. Mimi ndiye mkubwa. Nikikosa, wote wamekosa."

Akafungua kalamu. Wino ni ule ule. Hakuandika. Ameomba nimpe nafasi afikirie, basi nimeshuka, nimekaa ngazi ya kwanza na kitabu changu. Naandika hapa hapa —

Jembe! Cephas hakungoja! Amepiga udongo. Sasa wa tatu. Wa nne. Wa tano na kitinda mimba wamepiga pamoja! Wanawake wanapiga vigelegele, Yakub anapiga debe.

Madam bado yuko juu. Bado hajaandika. Ananiita. Anauliza dirisha la hiyo sebule litakuwa upande gani.

Napanda.