Bomba Juu ya Paa

Glenwood, Durban
25 Julai 1999

Dada yangu mpendwa Benedicta,

Shikamoo. Naitanguliza kabla ya neno jingine lolote, kama tulivyofunzwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na ukungu wa Tukuyu unakuruhusu walau kuota jua la saa nne. Mimi sijambo. Kikohozi cha Juni kimeniacha, na macho bado yanasoma.

Barua yako nimeipata. Umeuliza jambo moja tu: chumba changu kimepigwa lipu, kitanda kipo, je, nakuja kukaa au siji? Ukaongeza kwamba nikilikwepa swali mara hii, hutauliza tena. Jibu limo humu, Dada. Ila nivumilie kwanza nikupe habari ya hita, maana bila hiyo utaniona sina moyo.

Unakumbuka nimepanga kwa Mama Gracieuse, mjane wa Bukavu mwenye saluni kule Overport. Juni hii binti yake, Gracieuse, alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike anayeenea kwenye kikapu cha mkate. Wauguzi walisema asipatwe na baridi. Baridi ya Durban wewe ungeicheka, lakini nyumba yetu ni ya zamani, dari ziko juu, na upepo wa Julai hupita chini ya milango kama mwenye nyumba.

Nyuma ya jiko kuna hita kubwa ya gesi, sanduku la chuma lenye kimo cha mtu, lililoachwa na mzungu aliyejenga hapa. Huchoma gesi na kupuliza hewa ya moto vyumbani kwa mifereji ya bati iliyo chini ya sakafu. Haikuwa imewashwa miaka mingi. Bomba lake la moshi liling'olewa na paa likazibwa. Mama Gracieuse anajua kwamba baada ya kazi ya machimbo niliishi kwa ufundi wa gesi, akaniomba niifufue. Mwenye nyumba, anayempangisha yeye, alikubali.

Nilisafisha vichomeo, nikabadilisha mpira wa mtungi, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungio hadi nikaridhika kwamba hakuna kinachovuja. Kisha nikamwambia yaliyobaki: bomba lipande wima, litoboe dari na bati, lisimame juu ya mgongo wa paa. Na ukutani tutoboe matundu ya hewa yasiyozibwa kamwe, kwa sababu moto uliokosa pumzi hutoa sumu isiyo na harufu.

Hapo tukagombana. Alisema wakubwa wamekwisha kutia sahihi mkataba wa amani kule Lusaka, vita ya Kongo inaisha, na mbele ya Noeli atakuwa kwake Bukavu. Kwa nini atoboe nyumba ya watu? Nipitishe bomba dirishani, atakapoondoka alibebe. Nilipokataa, akanigeuzia kibao. Papa Ambokile, akasema, wewe sanduku yako iko chini ya kitanda na mkanda juu yake, kila mwaka unatuaga, leo ndiyo unataka kupanda juu ya bati? Gracieuse alicheka mpaka mtoto akaamka.

Miaka arobaini katika nchi hii, Dada, sijapigilia msumari ukutani. Picha ya Mama imeegemea taa. Vitabu vyangu vinaishi maboksini. Zamani sheria za hapa zilitukataza kujiona wenyeji. Zilipofutwa, niliendelea kujikataza mwenyewe, nikadhani huko ndiko kuipenda Tukuyu.

Basi wakatumia hita ndogo ya mafuta ya taa chumbani mwa Gracieuse. Mama Gracieuse aliziba dirisha na chini ya mlango kwa vitenge, maana kwao, kama kwetu, mzazi na kichanga hufichwa upepo. Asubuhi moja Gracieuse alitoka anapepesuka, ameshika kichwa. Niliingia, nikamtoa mtoto hadi barazani. Alikuwa amelegea mikononi mwangu kama nguo iliyoloa. Nilimsugua mgongo, nikamwita kwa majina yote niliyoyajua, hata la Mama, mpaka akalia. Hospitali waliwahudumia, wakasema wote wawili watapona.

Tulipofika nyumbani Mama Gracieuse akaenda kwa jirani, akarudi na ngazi, akaiegemeza ukutani. Papa, akasema, toboa. Mimi ninashika ngazi.

Nilitoboa paa, na matundu ya hewa ukutani. Bomba likapanda, nikalifunga kwa skrubu na kuziba kwa lami. Nilipowasha, tulisogeza ubani wa kanisani unaofuka mlangoni mwa bomba kupima mvuto, na moshi wote ukavutwa juu. Mwali ulianza wa njano, ukirukaruka, na kwa kitambo nilikuwa jikoni kwetu, mvua nje, wewe ukigeuza ndizi kwa kijiti. Ungeniona ungenisikitikia. Kisha nikafungua hewa kidogo kidogo mpaka mwali ukatulia, wa buluu. Mama Gracieuse aliguna kwamba hii moto iko ya hospitali, haina roho. Nikamwambia ndiyo salama, wa njano una njaa ya hewa.

Sasa jibu, Dada. Kule juu ya paa, nilipokaza skrubu ya mwisho, nilingoja majuto. Hayakuja. Kilichokuja ni haraka ya kushuka niwashe, kisha nikaguse ukuta wa chumba cha mtoto, kama umepata joto. Siji kukaa. Nilikuandikia miaka yote kwamba nakuja, na kila mara niliamini. Nitakuja Septemba, wiki chache, nikusalimu na kufagia kaburi la Mama. Chumba mpe Matilda. Mtoto wa ndugu yetu asiendelee kupanga wakati kitanda kinalala kitupu. Mimi nitandikie sebuleni, panapolala wageni. Nitaumia, nawe utaumia, lakini nipokee hivyo.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na wasionikumbuka waambie nipo. Mama Gracieuse anakusalimu. Anataka kujua kama unanuna. Mungu akulinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hamu nawe kila siku,

Ambokile