Kipeperushi Nilichokiandika Mimi

Jumatatu, 17 Agosti

Shule tatu leo. Watoto saba kwa jumla, na wanne kati yao wananijibu Kiswidi hata nikiwauliza majina yao. Ndiyo kazi ya mwalimu wa lugha ya mama hapa Stockholm: kufundisha Kiswahili watoto ambao mama zao wanakiongea na wao hawakitaki. Miguu imevimba.

Vibanda vya kampeni vimejaa mbele ya stesheni ya Farsta. Kahawa ya bure, maputo. Bango la yule mama wa chama cha upande wa pili liko kila nguzo. Picha ya njia ya chini ya reli, giza tupu, na maneno: "Binti yako atafika nyumbani?" Njia hiyo binti yangu Ange anapita kila siku. Ina taa. Wamepiga picha taa zikiwa zimezimwa. Nimekasirika mpaka nikapita duka bila kununua maziwa.

Kaka Déo kapiga simu. Anataka nimsaidie.

Jumatano, 19 Agosti

Déo alikuja baada ya kazi. Anagombea baraza la jiji. Ni mtu wa Bujumbura kama mimi. Nilipofika nchi hii na Ange mgongoni, yeye ndiye aliyenijazia fomu zote, yeye ndiye aliyenitafutia koti la baridi. Sijawahi kumnyima kitu.

Anataka kipeperushi cha Kiswahili, kigawiwe kanisani kwetu Hjulsta na kwenye saluni. Kiseme hivi: wale wakishinda, soshali watakuja kuwachukua watoto wetu. Soshali ni ofisi ya ustawi wa jamii. Nikamuuliza imeandikwa wapi. Akasema haijaandikwa, lakini si unawajua. Nikamwambia watu wetu tayari wanaiogopa ofisi ile kuliko polisi.

"Ndiyo maana, Dada Goreti," akasema. "Wasipoogopa hawatoki nyumbani kupiga kura."

Nimesema nitafikiri.

Alhamisi, 20 Agosti

Nimeandika. Nilikaa na kipeperushi tangu nilipotoka kazini. Kichwa cha habari: TAHADHARI. Halafu hii: "Asubuhi utamvisha mtoto wako koti. Jioni utaambiwa ana mama mwingine."

Niliisoma kwa sauti mara mbili. Bujumbura nilikuwa mwalimu wa kweli, wanafunzi darasa zima, insha ubaoni. Hapa miaka yote hii nafundisha rangi na siku za juma. Sijaandika sentensi nzuri hivyo tangu nifike. Niliona fahari. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli.

Ange aliona karatasi mezani, akauliza kwa Kiswidi ni nini. Nikamwambia mambo ya kanisa.

Jumapili, 23 Agosti

Vipeperushi viliwekwa kwenye kila kiti kabla ya ibada. Watu walisoma kimya, wakakunja, wakatia mfukoni. Hakuna aliyetupa.

Mlangoni Mama Elia alinishika mkono. Anaitwa Jeanne, ametoka Uvira, analea peke yake. Mtoto wake Elia ana miaka mitano na hasemi, maneno mawili matatu tu. Chekechea imemwombea miadi kwa mtaalamu wa matamshi.

"Mwalimu, hii karatasi ni ya kweli?"

"Ni kampeni tu, Mama Elia. Lakini uwe mwangalifu."

Ningeweza kuishia kwenye neno "tu".

Jumamosi, 29 Agosti

Mdahalo uwanjani Farsta. Mvua ya rasharasha. Mama wa bango alizungumza juu ya vitongoji vyetu kana kwamba anasimulia tauni. Déo akapanda. Akanyoosha kidole kwenye bango lake, akamwambia anauza woga, anawatia watu hofu ili apate kura, na huo ni uchafu. Alisema vizuri. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Begi langu lilikuwa begani, limejaa vile vipeperushi vyetu.

Nilimfuata nyuma ya kibanda nikamuuliza sisi tunauza nini.

"Wao wanatisha ili tufukuzwe," akasema. "Sisi tunawatahadharisha watu wetu. Hivyo ni vitu viwili."

Neno nilimpa mimi. Tahadhari.

Jumatano, 2 Septemba

Siku yangu ya Hjulsta. Neema, binti mkubwa wa Mama Elia, hakuwepo darasani. Mwalimu wake wa Kiswidi akasema ni wiki nzima. Nikaenda kwao.

Alifungua mlango bila kutoa mnyororo, kisha akaniingiza. Masanduku yamepangwa ukumbini. Amefuta miadi ya Elia, kwa sababu mtaalamu ataandika ripoti, na ripoti itapelekwa soshali. Chekechea ameacha kumpeleka. Jumamosi anawapeleka watoto kwa dada yake Kampala. Ameshauza kochi na televisheni. Elia alikuwa chini, anapanga viatu mstari.

Akanipa barua nimsomee. Imetoka soshali, imekuja jana. Shule na chekechea wamewaarifu kwamba watoto hawaonekani. Wanamwomba aje wazungumze.

"Umeona?" akasema. "Ile karatasi ilisema kweli."

Nikamwambia ni mazungumzo tu. Sikumwambia nani aliiandika. Nilikunywa chai yake nikaondoka. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 3 Septemba

Nimempigia Déo. Nimemwomba asimame kanisani Jumapili aseme ile habari si kweli. Akasema baada ya uchaguzi. Nikamwambia mama huyu anaondoka Jumamosi.

"Dada, ni mtu mmoja."

Kisha, kwa upole kabisa: "Na usisahau ni nani aliyeandika."

Ijumaa, 4 Septemba

Nimerudi Hjulsta. Safari hii mnyororo haukutoka. Nikasema hapo hapo kwenye ngazi, majirani wakipita.

"Ile karatasi niliiandika mimi. Niliitunga. Hakuna sheria kama hiyo popote."

Alisogeza uso kwenye mwanya.

"Wewe, mwalimu? Ulijua Elia hasemi?"

"Nilijua."

Akafunga. Nikapiga magoti, nikafungua kile kimlango cha kutumbukizia barua mlangoni pake, nikaanza kuisoma ile barua ya soshali kwa Kiswahili kama ninavyoikumbuka, sentensi kwa sentensi, mdomo umeelekea kwenye tundu. Nikasema nitakwenda naye. Nikasema asiponitaka, waombe mkalimani, ni haki yake. Nilisikia anapumua upande wa pili. Mzee mmoja Msomali alinizunguka na mifuko yake bila kuuliza kitu.

Jumapili, 6 Septemba

Mama Elia hakuja kanisani. Sijui kama wamesafiri.

Wakati wa matangazo nilimwomba mchungaji kipaza sauti. Akakataa. Siasa haziruhusiwi madhabahuni. Wiki mbili zilizopita siasa zilikuwa kwenye kila kiti, na yeye aliketi juu ya karatasi yake. Nilimwambia hivyo. Akasema ataniombea.

Nikasimama nje mlangoni, nikamwambia kila aliyepita: ile karatasi ni uongo, ni mimi niliyeiandika. Wengine waliitikia "Mungu akubariki, dada" wakaharakisha. Mama mmoja wa Kigoma alisema, "Huko nyumbani tungekuita kichaa."

Jumanne, 8 Septemba

Mwandishi wa gazeti kanipigia. Kuna mtu kampa kipeperushi. Anatafuta mwalimu wa Kiswahili amtafsirie. Jina langu alipewa na shule. Kumbe hajui.

Ningeweza kulainisha. Kiswidi changu kinatosha kulainisha. Nilimtafsiria yote, na ile sentensi ya koti nikaitafsiri vizuri kama ilivyo. Kisha nikamwambia mwandishi wake ni mimi, na aliyeagiza ni nani. Akauliza kama aweke jina langu. Nikasema aweke.

Baadaye nilisahihisha daftari za watoto.

Jumatano, 9 Septemba

Neema alikuwepo darasani. Sikumuuliza chochote. Tulifanya sehemu za mwili.

Alhamisi, 10 Septemba

Habari imetoka gazetini. Déo amewaambia ni kazi ya mtu wa kujitolea, aliyefanya bila idhini. Mtu wa kujitolea. Hata jina langu hakulitaja.

Mama wa bango naye kahojiwa. Sauti ya huruma. Anasikitika kuona wahamiaji wakitishwa na viongozi wao wenyewe. Hofu haina nafasi katika uchaguzi, anasema. Kwenye picha amesimama mbele ya bango lake. Binti yako atafika nyumbani? Nilicheka, kicheko kibaya. Hakuna aliyemuuliza.

Ange alisoma habari kwenye simu. Akaja jikoni. Mtoto huyu miaka yote namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Leo kasema kwa Kiswahili:

"Mama, kwa nini?"

Nilizima jiko, nikamvutia kiti.

Ijumaa, 11 Septemba

Mkuu wangu kaniita. Onyo la maandishi. Kazi sijapoteza. Wazazi wawili wamewatoa watoto wao kwangu. Haki yao.

Jumapili, 13 Septemba

Nimepiga kura na Ange. Yake ya kwanza. Kijikaratasi cha njano cha bunge, cha buluu cha mkoa, nimetumbukiza. Cheupe, cha jiji, nilikishika muda. Jina la Déo lilikuwa la sita. Nilikirudisha, nikaifunga bahasha tupu. Sikujisikia safi. Nilijisikia nimechoka.

Ijumaa, 18 Septemba

Wote wawili wameingia barazani. Déo na mama wa bango. Watakaa ukumbi mmoja miaka minne, wataitana kwa majina, watakunywa kahawa. Kwenye simu kuna video ya Déo anashukuru jamii ya Waswahili kwa kujitokeza kwa wingi.

Walijitokeza. Najua kwa nini.

Alhamisi, 24 Septemba

Juzi Mama Elia alinitumia ujumbe. Anwani na saa, basi. Hakuna salamu.

Leo nilimkuta nje ya kliniki na Elia. Kule soshali ameshaenda, peke yake na mkalimani wao. Waliongea saa moja, wakampa karatasi ya miadi mipya. Aliniambia hayo akitazama barabara.

Chumba kidogo, zulia, gari za mbao. Mtaalamu ni msichana mwenye miwani. Mkalimani alikuwa wa simu, na simu ikakatika mara ya kwanza, ya pili. Msichana akaniuliza kama naweza kusaidia. Nikamwangalia Mama Elia. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto.

"Tafsiri," akasema. "Lakini useme alichosema yeye tu."

Msichana akauliza Elia alianza kutembea lini. Nikauliza hivyo tu.