Zizi Tupu la Mzee Malogo

Chamwino, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umelala vizuri na magoti yametulia. Lile la kushoto bado linakusumbua ukipanda kilima cha shambani? Na mvua huko Muheza zimekujaje? Mimi ni mzima na watoto wangu wa chekechea ni wazima, ila vumbi la huku limenibadilisha rangi. Ukiniona leo utaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Utashangaa mtu kuandika barua siku hizi. Simu yako, Mama, Hamisi anaishika kuliko wewe, na ninalotaka kusema linamhusu. Nimempa mwalimu mwenzangu anayekuja likizo huko, akukabidhi mkononi. Vaa miwani, usome mwenyewe.

Uliniuliza kama uweke hati ya shamba la machungwa dhamana, ili mdogo wangu akopeshwe gari la kutembelea. Ulisema Hamisi hana sauti mbele za watu, na kwamba akishuka kwenye gari lake hata mjomba wake atamsikiliza. Siku ile nilikuomba unipe muda. Tangu hapo kuna jambo la hapa jirani linanizunguka kichwani, ngoja nikusimulie.

Mwenye nyumba wangu anaitwa Mzee Malogo, Mgogo wa hapahapa. Nyuma ya nyumba ana zizi kubwa la miiba, na ndani yake hamna kitu ila kuku wanaoparua samadi ya zamani. Koti lake ni moja, la baridi na la kanisani. Jirani yetu Bwana Chibago, zizi lake likijaa ng'ombe jioni huwezi kusikia redio. Kwenye vikao vya wazazi anapewa kiti cha mbele, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimsalimia huku nakunja goti kidogo. Mzee Malogo nilimwonea huruma. Nikitoka dukani nilikuwa nampelekea sukari, mara nyingine unga, naye anapokea kwa mikono miwili.

Juzi juzi kijana wa Chibago alipata nafasi ya chuo kikuu kule Chimwaga. Nyumba nzima ilicheza. Ada ilipotakiwa, mimi nikajua hilo si tatizo, zizi lile lote, apeleke wawili watatu mnadani. Lakini hakuna ng'ombe aliyetoka. Unaujua udadisi wangu, nikamuuliza mke wake bombani kwa nini hawauzi. Akaniambia niache tu, akajitwisha ndoo yake.

Jioni moja nikiwa uani nachambua mlenda, Bwana Chibago akaja. Akavua kofia, akakaa kwenye kigoda, akamwomba Mzee Malogo ruhusa ya kuuza ng'ombe. Nikadhani nimesikia vibaya. Mwenye zizi lililojaa anamwomba mwenye zizi tupu?

Mzee hakumchelewesha. "Muuze yule dume mwekundu," alisema. "Mtoto asome. Mengine tutaongea."

Chibago alishukuru, akavaa kofia yake. Alipoondoka nikamganda mzee kwa maswali. Kumbe huku ni desturi ya siku nyingi: mwenye ng'ombe hawarundiki wote kwake. Anawagawa kwa watu, wengine huku, wengine kule, wawatunze na kunywa maziwa, na mtunzaji mwema hupewa ndama. Ukame au maradhi yakipiga upande mmoja, wa upande mwingine wanabaki. Wengi wa ng'ombe wale waliompatia Chibago kiti cha mbele si wake, na kadhaa ni wa huyu mzee wangu wa koti moja.

Nikamuuliza kama haoni vibaya watu kumdhania maskini.

"Mwalimu, wakiwa wote hapa, mimi ndiye mchungaji wao," akasema. "Sasa hivi nikitaka kwenda kumwona dada yangu, navaa koti naondoka."

Na unga wangu je, mbona alikuwa anaupokea? Akasema angekataa ningemwona ana kiburi, na isitoshe unga ulikuwa mzuri. Nilicheka mpaka mlenda ukanimwagika.

Bado najiuliza, Mama. Sisemi Chibago ni mtu mbaya. Ng'ombe anawatunza vizuri na watoto wake wanakunywa maziwa. Wala maisha ya koti moja hayanivutii, unajua ninavyopenda vitenge. Lakini hapa shuleni kuna mwenzetu aliyenunua gari kwa mkopo. Mwanzo wa mwezi anatupungia mkono, mwezi ukifika katikati gari linafunikwa turubai na tunatembea naye vumbini. Nilimuuliza kama anaweza kuiacha kazi hii anayoilalamikia kila siku. Akacheka tu, kicheko kisicho na furaha. Basi uhuru wa mtu uko wapi hasa? Naanza kuhisi haupo kwenye kile watu wanachokiona akipita. Labda upo kwenye yale anayoweza kuyafanya bila kwenda kuvua kofia kwa mwenzake.

Hapo ndipo ninapokukumbuka wewe. Tangu baba afariki sijakuona ukimpigia mtu magoti. Khanga zako ni zilezile, ila mnunuzi akija na bei ya kukuonea unamwambia arudi alikotoka, kisha unaingia jikoni kupika. Nikiwa mdogo nilidhani ni ukali wako tu. Sasa naona shamba lile ndilo linalokupa mdomo, na naogopa, Mama. Naogopa Hamisi apate gari na wewe ujifunze kunyamaza.

Hamisi nampenda, na aibu anayoisikia mbele za watu naielewa. Mwambie aje likizo, nauli juu yangu. Nataka ayaone mazizi haya mawili kwa macho yake, kisha aniambie yeye angependa lipi.

Nisalimie shangazi Mwanahawa aliyenifundisha kusuka ukili, mjomba Bakari anayepakia machungwa kwenye malori, na bibi yetu mzaa baba, mwambie dawa ya kikohozi nimeituma kwenye mfuko uliokuja na barua hii.

Hati ina jina lako, na uamuzi ni wako. Ila asubuhi ya kwenda kuweka sahihi, pitia kwanza shambani, uchume chungwa ulile palepale mtini. Ukimaliza, jiulize la pili utaliomba kwa nani.

Mwanao mwenye maswali mengi,
Zuhura