Breki ya Chukudu

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Mabanga wote tunakusalimu. Mama yako mdogo amejifungua mutoto wa kike, na analia kushinda jogoo wa jirani.

Umeuliza kama tuendelee kumficha mama yako ugonjwa wake. Swali limenichoma, maana uongo niliuanza mimi. Picha ya kwanza ilipoonyesha ule uvimbe adimu kwenye ubongo wake, munganga alisema unakua polepole, nami nikamwambia binti yangu ni tansio tu, presha ya damu. Sasa picha ya pili inasema umegeuka kansa, tena kali. Mkono wake wa kushoto unaangusha vikombe.

Ujanani, kaka yangu Bahati alibeba viazi kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Asubuhi moja, juu ya mteremko wa Sake, niliona kile kipande cha tairi anachokanyaga kufunga breki kimelika chote. Alikuwa amekwisha kupanda juu ya magunia. Nikanyamaza, asije akaogopa.

Nilimkuta chini mtaroni, mguu umevunjika. Hakulia. Aliniuliza, "Ulikuwa umeona?"

Nikakubali.

"Ungeniambia, ningeshuka nitembee."

Basi leo asubuhi nimemwambia mama yako yote. Aliweka kikombe chini kwa mkono wa kulia. Kisha akauliza, "Papa, Furaha anajua?"

Nikakubali tena.

Amesema atakupigia ukishaisoma barua hii. Nakuomba, mutoto wangu, usimtajie tansio.

Ni mimi, koko wako.