Tisa juu ya Kumi kwa Mjomba wa Chuma

Jumapili

Tisa juu ya kumi, na sishuki.

Ngoie, binti yangu aliyekuja likizo kutoka Lubumbashi, ametoa nne. Leo tumeanza kuzirudia filamu za zamani za yule shujaa anayeruka na kuzipa pointi. Safari hii zinasema Kifaransa, kwa hiyo nilielewa kila kitu. Hapo ndipo balaa.

Utotoni, kwenye ukumbi wa video wa mtaa wa reli, zilisema Kiingereza, na kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga, alisimama kando ya televisheni akitutafsiria. Kwake, adui mwenye kinyago cha chuma alikuwa mjomba wa shujaa. Alichoma mji kwa sababu dada yake alipokufa, hakuna aliyemwita kwenye kilio. Tulimlilia! Kumbe ni tajiri tu anayetaka kutawala dunia.

"Papa mukubwa alikuwa anabadanganya bote!" Ngoie alimcheka baba yake mkubwa na Kiingereza chake cha kubuni. "Hakujuaka anglais!"

"Njo maana iko tisa," nilimjibu. " Kutawala dunia, ile njo sababu?"

Hata mama yake alinicheka, eti mzee wa mvi anamtetea mjomba wa uongo. Sawa. Ila tangu tumzike yaya, sauti yake inanipotea kidogo kidogo, na hilo linanitisha.

Nikarudisha filamu nyuma hadi pale mji unapowaka moto, nikazima sauti, nikasimama kando ya televisheni kama yaya. Nikaanza na shujaa anayetaka kujua sababu: "Mujomba, juu ya nini unachoma muji?"

Ngoie alicheka mpaka nilipomjibia mjomba, naye akamtaja dada yake.

Amepandisha hadi saba. Nimemwambia saba ni matusi.